Nani atafunga shimo?



Likizo kubwa iliyopita nilikwenda Mwenga kumuona mama mudogo. Tangu arusi yangu sikuwa nimefika kwake. Nilikuwa nakumbuka shamba lake la muhogo kando ya mto, mahali tulipokuwa tukiloweka mihogo tukiwa watoto. Nilipomwambia tushuke pale, akanijibu: "Mwanangu, pale hapafikiki tena."

Tulishuka hata hivyo. Kampuni moja ilikuja na mashine, ikampa feza kidogo, ikapindua bonde lote kwa kutafuta zahabu, kisha ikahama. Yamebaki mashimo matatu yaliyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Udongo mweusi wa juu, ule unaolisha muhogo, umezikwa chini ya mawe na changarawe, na juu ya changarawe hata majani hayataki kuota. Mbuzi zake mbili zilizama. Mtoto wa jirani alitolewa majini akiwa bado anapumua. Mama mudogo hakulia alipokuwa akinieleza. Alikuwa anahesabu tu kwa vidole.

Niliporudi Uvira nilimuuliza ndugu mmoja anayejua sheria. Kumbe sheria yetu si mbaya! Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali aonyeshe, kabla ya kuchimba, namna atakavyolinda maji na udongo na namna atakavyorudisha mahali pale akimaliza. Anaweka pia feza kama rehani ya kazi hiyo, na hafunguliwi mzigo mpaka apewe cheti kwamba ameitimiza. Tena asilimia 0.3 ya mauzo yake ni ya maendeleo ya wenyeji. Mama mudogo hakuwahi kusikia neno hata moja la hayo.

Kufunga mgodi kunaanzia siku ya kwanza. Udongo wa juu unawekwa kando ili urudishwe, kuta zinalazwa zisiporomoke, maji yanatafutiwa njia, miti inapandwa, na watu wanaendelea kupima maji kwa miaka mingi. Kwenye mgodi mkubwa wa zahabu kuna pia bwawa la matope yaliyopitishwa sayanidi. Mgodi wa Twangiza, kule Luhwindja, ulitoa zahabu ya kwanza 2011. Ili uchimbwe, jamaa nyingi zilihamishiwa Cinjira, juu kwenye baridi. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kazi inaweza kusimama kwa siku moja. Bwawa halisimami: mvua inaendelea kulijaza, awepo mlinzi au asiwepo. Na Kamituga, kampuni kubwa za zamani zilipokwisha, vijana waliendelea kuchimba kwa mikono. Septemba 2020 mvua iliporomosha mashimo na watu wapatao 50 walikufa.

Haya yote niliyafundisha darasani, katika darasa la sita, nikiwa na hasira nzuri ya mwalimu. Mtoto mmoja akainua mkono: "Madame, na lile shimo la matofali la nyuma yetu, litafungwa na nani?"

Nilikosa jibu. Wamama, mnajua shimo ninalosema. Kila mtaa una lake. Tunachimba udongo, tunafyatua, tunachoma, tunauza, na mvua zikianza tunaliacha linakuwa ziwa dogo la mbu. Tulioona Mulongwe ikifurika Aprili 2020 tunajua maji ya Uvira hayaombi ruhusa. Na siwezi kuwahukumu wafyatuaji. Mama yangu mzazi alilipa masomo yangu ya ISP kwa matofali. Diploma yangu ilitoka ndani ya shimo, na shimo hilo bado liko wazi. Nilipita pale Jumapili baada ya ibada, watoto walikuwa wanaogelea.

Najua kampuni yenye mashine na mama mwenye jembe hawalingani. Yule alikuwa na feza ya kufunga, huyu alikuwa na karo ya kulipa. Lakini maji hayaulizi ni nani aliyechimba.

Mama yangu sasa hana nguvu ya kushika jembe. Nimezungumza na kaka zangu. Tutaanza kulijaza kwa mabaki ya tanuru, vipande vya matofali na udongo wa mtaro unaozolewa barabarani, si takataka za plastiki. Tutalaza ukingo, kisha tupande migomba. Hatutamaliza kabla ya mvua, kwa hiyo tutatangulia kuweka uzio wa miti upande wa njia ya watoto.

Jumamosi saa moja ya asubuhi nitakuwa pale. Mwenye chepeo aje nayo, mimi ninayo moja tu.