Anayetibiwa kwa Mionzi Asitengwe

Akina mama wenzangu, katika miaka yangu ya uuguzi nimeona kwamba saratani humuumiza mwanamke mara mbili: kwa ugonjwa wenyewe, na kwa maneno ya watu. Neno moja baya ni hili: "Amepigwa mionzi, watoto wasimkaribie."

Mama mmoja wa usharika wetu alikuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Alikofikia, kikombe chake kilitengwa, na mwanawe wa miaka mitatu akahamishiwa chumba kingine. Juma la pili alifunga mizigo. "Dada nesi," aliniambia, "afadhali nife na mwanangu mikononi." Nilikaa na ndugu zake, nikawaeleza.

Mionzi ya nje hutoka kwenye mashine. Mgonjwa hulala mezani, na mashine huelekezwa penye saratani kwa kufuata alama zilizochorwa kwenye ngozi. Mionzi huharibu seli za saratani zisiendelee kuzaliana. Hasikii maumivu, kama anapopigwa eksirei. Dakika chache tu, kazi imekwisha, wala hakuna mionzi inayobaki katika mate, jasho au mkojo wake. Taa ikizimwa, mwanga haubaki ukutani. Wahudumu hutoka chumbani kwa sababu wao huifanya kazi hiyo kila siku, mwaka hadi mwaka.

Ndugu walielewa. Usiku ule mtoto alilala na mama yake, na mama akamaliza siku zake zote 25.

Kumaliza ni jambo kubwa. Kwa saratani hii, mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa juma, kwa majuma kama 5. Dozi hugawanywa ili seli nzima zipate nafasi ya kupona. Mgonjwa akikatiza, saratani nayo hupata nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo anayemkimbiza mgonjwa kwa maneno anamnyima dawa.

Basi tumsaidie. Atachoka sana, na huenda akaharisha: tumpikie chakula laini, tumchotee maji, tumchangie nauli. Asifute zile alama, wala asipake mafuta au manukato mahali hapo kabla ya kumuuliza muuguzi.

Na mume aambiwe ukweli. Tiba hii ya nyonga huweza kukatisha hedhi na kuufanya uke kuwa mkavu na mwembamba. Mke hajamchoka mumewe. Wamuulize daktari, bila haya, lini warudiane na watumie nini. Saratani haiambukizwi kwa kulala na mke.

Dada, kama kuna mama jirani anayekwenda kwenye mionzi, leo mpelekee uji. Mkumbatie, kisha unywe naye.