Mchagua Jembe si Mkulima?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Mimi siwapingi wahenga, maana waliliona jua kabla yetu. Lakini kuhusu msumeno wa umeme, naomba ruhusa niseme kuwa asiyechagua atakiona cha mtema kuni.

Ilikuwa likizo ya Desemba 2024. Mama ana kibanda cha chakula, na wateja wake wengi walikuwa wakila wamesimama kwa kukosa viti. Nikamwahidi stuli sita za mviringo na rafu ya vyombo. Nilichukua msumeno wa mkono aliotuachia marehemu babu, nikakata plaiwudi kutwa nzima. Mkono ulikufa ganzi, na mstari ukaenda upogo kama njia ya mlevi. Hapo nikaamua kuuza majogoo wangu. Nikapata shilingi 6,500, nikamwomba mjomba anisindikize Nairobi.

Mjomba wangu ni fundi wa mbao tangu ujana wake. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu tu. Sisi watoto tulidhani alizaliwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Tuliingia duka moja huko River Road. Msumeno wa duara ulikuwa shilingi 9,500. Jigso ilikuwa 4,800. Muuzaji alipoona nimeshika pesa zangu kwa uchungu, alitoa grainda ndogo.

"Kijana, sikiza. Hii ni 3,200 pekee, na bledi ya mbao nakuwekea. Inakata chuma, inakata mbao. Hiyo ingine ni ya nini?"

Moyo wangu ulinidunda kwa furaha. Ningebaki na zaidi ya elfu tatu! Nilikuwa nishaanza kuhesabu noti mjomba aliponishika bega akanitoa nje.

"Unaona huu mkono?" akaniuliza. "Ni grainda na bledi ya mbao. Nilikuwa nakata mbili kwa mbili. Bledi ikanasa kwa fundo, mashine ikaruka. Sikusikia uchungu kwanza. Niliona tu vidole kwa unga wa mbao."

Nilinyamaza kama maji ya mtungi.

Akanieleza pale pale kando ya barabara, matatu zikipiga honi. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, karibu mara mbili ya msumeno wa duara. Kazi yake ni kusaga na kukata chuma. Haina bamba pana la kukaa juu ya ubao, na kikinga chake hakikutengenezwa kwa bledi yenye meno. Jino likinasa, mashine nzima humrudia aliyeishika.

"Sasa niambie," akasema, "wewe unataka kukata nini?"

Msomaji mpendwa, hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimeuliza bei tu.

Msumeno wa duara ni wa mstari mnyoofu. Hupasua nne kwa mbili na plaiwudi nzima kwa dakika chache. Wenye bledi ya milimita 185 huingia kina cha milimita sitini na kitu. Lakini kona ya mviringo haujui, na ukiulazimisha, nao hurusha. Jigso ni tofauti. Bledi yake nyembamba hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Husimuliwa kuwa mwaka wa 1946 Mswisi Albert Kaufmann alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akafunga bledi ya msumeno, na jigso ikazaliwa. Hukata mviringo bila taabu. Ila ni ya polepole, na katika mbao nene bledi hupinda.

Mimi nilitaka stuli za mviringo na rafu ya mbao za inchi moja. Jibu lilikuwa wazi.

Duka la pili lilikuwa na jigso kuukuu kutoka Marekani, shilingi 2,500. Mjomba akageuza mashine akasoma kibandiko: volti 120. Umeme wetu ni volti 240. "Ukichomeka hii nyumbani," akacheka, "utakuwa umenunua moshi."

Tukarudi kwa ile ya 4,800. Zile 1,700 zilizobaki tulinunulia miwani ya kukinga macho, klampi mbili na bledi za akiba. Nyumbani mjomba alinifunza mengine: kulaza upande mzuri wa ubao chini, kwa sababu meno ya jigso huchanachana upande wa juu, kufunga ubao mnyoofu kwa klampi ili mashine ifuate mstari, kutovaa shati la mikono inayoning'inia, na kuchomoa plagi kabla ya kugusa bledi, hata kama una haraka namna gani.

Stuli ya kwanza ilikamilika siku ya tatu. Mjomba aliikalia, ikayumba. Nikaona haya. Badala ya kunikemea, alinishika mikono yote miwili akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, hadi kumi.

"Kiti tutakinyoosha," akasema.

Leo wateja wa mama wanakula wameketi. Wenzangu mnaopenda ufundi, kabla ya kuuliza bei, jiulizeni mnataka kukata nini. Mkulima akikosea jembe atachelewa kulima tu. Fundi akikosea msumeno, hasara yake haina duka la kuirudishia.