Nasoma Shajara za Vita vya Rufiji

Watu wakisikia nasoma shajara za vita hudhani nimekalia siri. Hapa Kibiti swali la kwanza ni dhahabu ya Mjerumani, ilifukiwa wapi. Nawajibu ukweli: ninachosoma zaidi ni mvua, posho na hesabu ya mizigo. Kurasa zinakwenda, na vita vyenyewe huvioni.

Naishi Dimani. Watafiti, na siku hizi jamaa za marehemu, hunitumia picha za kurasa zilizopigwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza kule Kew, London, fungu linaloitwa WO 95. Nazinakili, nasahihisha majina ya mahali, nalinganisha tarehe. Ni shajara za vikosi vya Waingereza vilivyopigana na Wajerumani katika bonde hili la Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwishoni mwa 1916 na mwaka 1917: King's African Rifles, Wanaijeria, askari wa Gold Coast, Wahindi, Waafrika Kusini.

Kwanza ujue karatasi yenyewe. Jeshi la Uingereza lilikuwa na fomu maalumu, Army Form C.2118. Juu imechapwa vichwa viwili, shajara ya vita au muhtasari wa upelelezi, pamoja na agizo la kufuta kisichohitajika. Fomu nyingi hazikufutwa kitu. Chini yake kuna safu ya mahali, ya tarehe, ya saa, kisha safu pana ya matukio, na pembeni kabisa safu nyembamba ya maelezo na viambatisho. Kanuni za jeshi za 1909 ziliagiza shajara ianze siku kikosi kinapoitwa vitani, iandikwe kila siku, iwe na nakala, na kila mwezi ile ya asili ipelekwe makao ya nyuma. Sababu ziliandikwa waziwazi: kupata habari za kweli za kuandikia historia ya vita, na kukusanya mafunzo ya kulirekebisha jeshi. Kumjulisha mama wa askari mwanawe amefia wapi hakukuwa kazi ya shajara.

Aliyeijaza kwa kawaida alikuwa ajutanti, afisa anayeendesha ofisi ya kikosi. Huyo mchana katembea na wenzake, jioni kasimamia uchimbaji wa mahandaki na kupanga zamu, na amri za kesho bado hajaziandika. Shajara inamfikia mwisho wa yote. Anaandika kwa kalamu ya risasi isiyofutika, ambayo karatasi ikilowa inageuka zambarau na kutambaa. Nina kurasa ambazo nusu ya siku imekuwa doa.

Ukizisoma muda mrefu jicho linazoea kukamata mambo. Siku saba mfululizo mwandiko ni uleule, kalamu imekandamizwa vilevile, hakuna neno lililokatwa, hakuna saa iliyosahihishwa. Ukurasa huo haukuandikwa siku saba. Umeandikwa kwa kikao kimoja, mwezi unakwisha na makao yanadai. Mtu aliyekaa maktaba ataunukuu kama ushahidi wa saa kumi na moja alfajiri ya siku fulani. Mimi nauwekea alama, na mara nyingi alama yangu haifiki kwenye kitabu chake.

Majina ya mahali ni mateso mengine. Afisa hajui Kiswahili, ramani yake imechorwa na Mjerumani, na kiongozi wa njia anamtajia kwa lafudhi ya Kirufiji au ya Kimatumbi. Kisangire inakuwa Kissangire. Kijiji kinaandikwa kwa jina la jumbe wake, jumbe akifa au akihama kijiji kimepotea kwenye ramani. Dimani nayo ipo huku na ipo Unguja, kwa hiyo jina peke yake halikufikishi popote. Namna pekee ya kulitegua ni kutembea: ukurasa unasema saa tatu za mwendo kutoka mtoni, njia ya mchanga, kisima upande wa kushoto. Unakwenda kuuliza wazee kisima kilikuwa wapi. Wakati mwingine wanakuonyesha. Siku hizi zaidi wanakuambia aliyekijua tumemzika.

Sasa niseme la mvua, kwa sababu hapo ndipo shajara inaposhindwa vibaya zaidi. Januari 1917 Waingereza walisukuma kuelekea Rufiji. Tarehe 4 mwezi huo Kapteni Frederick Selous aliuawa Beho Beho. Jina lake likapewa pori la akiba, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanaijeria wakavuka mto upande wa Kibambawe. Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, akaondoka kwenda London akieleza kwamba kazi imekaribia kwisha. Kisha masika yakaja, makubwa kupita kawaida. Mto ukatapika, barabara zikakatika, magari yakazama, na askari walioko ng'ambo wakabaki na njaa. Posho ilikatwa nusu, ikapungua tena. Wanaijeria wakawa wanachimba mizizi porini, na wengine wakala yenye sumu.

Waliokuwapo Muhoro Aprili 2024, maji yalipoingia majumbani na watu wakahamishwa kwa mitumbwi, hawahitaji kuelezwa mto huu unafanya nini. Lakini fungua shajara za miezi ile ya 1917. Siku baada ya siku utakuta mstari mmoja wa aina hii: mvua kubwa, hakuna la kuripoti. Mwandishi hakudanganya. Adui hakuonekana, risasi haikulia, na safu ya matukio ilitaka matukio ya vita. Njaa haikuhesabiwa kuwa tukio.

Kwa hiyo sisomi shajara moja. Siku ileile nasoma ya batalioni, ya kikosi cha waganga, na ya watu wa ugavi waliokuwa nyuma kwenye njia ya mizigo. Ya batalioni inasema kimya. Ya waganga inataja kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na vitanda havitoshi. Ya ugavi inasema mizigo kadhaa ya unga ilitoka na pungufu yake ikafika. Ukiziweka pamoja ndipo unapoona siku hiyo watu walikuwa wanakufa. Ikikosekana moja, na mara nyingi inakosekana, siku imekwenda. Safu ya pembeni itakuelekeza kwenye kiambatisho, ukitafute, hakipo.

Na katika zote tatu, mpagazi ni tarakimu. Afisa akijeruhiwa ana jina, cheo na saa. Askari wa Kiafrika mara nyingine ana namba na jina lililoharibika. Mpagazi ni mia tatu waliofika, arobaini wagonjwa, kumi na wawili wametoroka. Hilo la kutoroka nimejifunza kulitilia shaka. Mtu aliyebeba unga asioruhusiwa kula, akaugua tumbo kwa sababu chakula alichopewa hakijaiva, akabaki nyuma njiani akaingia kichakani na hakutoka, jioni kwenye hesabu ni mtoro. Hapakuwa na mtu wa kurudi kumtazama.

Ofisi ya wapagazi ilikuwapo, chini ya Luteni Kanali Oscar Watkins, na ilikuwa na namba na orodha zake. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao. Lakini orodha za ofisi na shajara za vikosi hazikuwa zinazungumza. Namba ya mtu haikumfuata mpaka kwenye ukurasa wa kikosi kilichomtumia. Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi waliokufa inazidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaikadiria karibu 100,000 au zaidi.

Alikuja kwangu bibi mmoja kutoka visiwa vya delta. Kavuka kwa mtumbwi, kamalizia kwa bodaboda. Nikamwamkia, akakaa, akafungua khanga akatoa karatasi aliyoandikiwa na mjukuu: jina la babu yake, la baba wa babu, na kijiji.

"Mwanangu, nasikia una daftari la Wazungu. Mtazame babu yangu humo."

Nikamuuliza alichukuliwa na Mjerumani au Mwingereza. Hakujua, na ningeshangaa kama angejua, maana bonde hili lilichukuliwa watu na pande zote mbili, na chakula pia. Nikamweleza kwamba mwezi ule umo, na mto umo, babu hayumo.

"Na Mzungu aliyekuwa naye, yumo?"

"Yumo, bibi."

Akakunja karatasi yake.

Wageni wanaokuja delta huuliza habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani. Habari zake zimehifadhika vizuri, kwa sababu meli za vita huandika kila kitu kwa saa. Iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika mikoko yetu, ikapigwa na Severn na Mersey, nazo za Waingereza, tarehe 11 Julai 1915, na Kapteni Max Looff akaamuru izamishwe. Mizinga yake 10 ikatolewa majini na kupigana nchi kavu. Mmoja ulivurumisha mabomu Kibata. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mizinga ile ilikokotwa na watu kupita tope hili hili. Waliokokota hawamo katika daftari lolote nililowahi kulishika.

Upande wa Wajerumani usitegemee kuziba pengo. Nyaraka za jeshi lao zilizokuwa Potsdam ziliungua kwa mabomu Aprili 1945. Na ile historia rasmi ya Waingereza, ambayo shajara ziliandikwa kwa ajili yake? Juzuu la kwanza, la Charles Hordern, lilitoka 1941 na kuishia Septemba 1916. La pili halikutoka kamwe. Maana yake masika ya Rufiji, njaa na mafuriko na watu wake wote, hayakupata kitabu kilichoahidiwa na kanuni. Yamebaki kwenye karatasi zilizolowa.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita vile, wengi wao Waafrika, kati ya 116,000 na labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo barua zimeongezeka, watu wanaomba majina kutoka kwenye shajara. Shajara haziwezi kuyatoa. Hayakuingizwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa wenzangu wa Kibiti, Rufiji na Kilwa. Kama nyumbani kuna kipande cha bati chenye namba ya mpagazi, usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipige picha pande zote mbili. Kama kuna mzee anayejua jina la aliyechukuliwa, andika jina hilo na la baba yake, kijiji, alikuwa upande gani, alibeba nini, alionekana mara ya mwisho wapi. Andika na jina la aliyekusimulia na tarehe ya leo. Fanya nakala mbili, moja ibaki kwenu na nyingine ipeleke shule ya kata au ofisi ya kijiji.

Fanyeni mwaka huu, wazee wangali wapo.