Friza Iliyokufa Ndani ya Dhamana



Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia habari ya friza yetu. Huenda ukasema hiyo ni habari ndogo. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka friza ile iliponiweka mahali ambapo ilibidi nichague.

Tunaishi Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Huku kwetu samaki ndio maisha, na kila mwaka serikali hufunga uvuvi tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Novemba 2023 baba watoto akashauri tununue friza kabla ziwa halijafungwa. Tungeweka samaki wetu wa kula, nami ningegandisha juisi kwenye vifuko niwauzie watoto wa shule. Faida tungemwekea binti yetu aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo.

Tuliinunua Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu. Bei ilikuwa kwacha 5,800, akiba ya karibu miaka miwili. Muuzaji akatupa karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, yenye muhuri. Niliitia karatasi ile kwenye kopo pamoja na vyeti vya watoto, moyo umetulia.

Wiki ya kwanza ya Februari 2024 niliamka alfajiri kutia udhu nikakuta maji sakafuni. Mota inanguruma, ubavu wa friza ni wa moto, lakini ndani hakuna baridi. Siku hiyo tuligawa samaki kwa majirani kabla hawajaharibika.

Tukapiga simu dukani. Wakasema, "Mama, ileteni hapa." Tukalipa gari la mizigo kwenda Mansa. Dukani wakasema turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi, fundi wao alikuwa safarini. Mara ya tatu tukarudishiwa friza ileile na karatasi yenye maneno machache: imeharibiwa na umeme, dhamana haihusiki. Ukutani nyuma ya karani kulikuwa na tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Baba watoto alilisoma, akanyamaza, tukapakia friza.

Ni kweli kwamba umeme unaua vyombo. Umeme ukiwa mdogo, mota ya friji huvuta nguvu kupita kiasi na nyaya zake huungua. Ukikatika na kurudi papo hapo, mota hujaribu kuanza kabla gesi haijatulia, nayo hupata shida. Ndiyo maana watu hununua kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuupitisha umeme tena. Sisi tulikuwa nacho. Na mota yetu haikuungua, ilikuwa inanguruma!

Fundi wa hapa Kashikishi aliifungua mbele yetu. Akapima, akakuta gesi imekwisha. Akakagua viungo vyote vya nje, vilikuwa vizima. Akatuambia bomba linavuja ndani ya ukuta wa friza, mahali palipozibwa kiwandani, ambapo mkono wa mtumiaji haufiki. Hilo umeme haukulifanya. Alitujazia gesi akasema wazi, "Itagandisha wiki mbili tatu, kisha mtarudi palepale."

Sasa sikiliza lililotokea. Siku ya nne baada ya kujaza gesi, alikuja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kilwa, ule mji wa Kongo ulio upande wa pili wa ziwa. Alisikia tuna friza tusiyoitaka. Akafungua mlango, akagusa barafu, akatabasamu. Akasema atatoa kwacha 4,000 na ataivusha kwa boti siku hiyohiyo.

Ndugu yangu, sitakuficha. Nilikaa kimya. Nilihesabu nauli zetu za Mansa, nikahesabu samaki tuliogawa. Nikajiambia kwamba sisi tulidhulumiwa, na kwamba leo friza inagandisha kweli, kwa hiyo sijasema uongo. Baba watoto alikuwa anatazama chini. Binti yangu akanisogelea akaninong'oneza, "Mama, huyu naye ataileta kwa nani?"

Swali lile lilinikata. Sisi tulikuwa na Mansa pa kurudi, japo tulifukuzwa. Mama yule angevuka ziwa na mpaka wa nchi mbili, na friza mgongoni mwa boti, amrudie nani? Nikakumbuka kisa tunachowafundisha watoto madrasa, cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba ilinyeshewa. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Barafu yetu ilikuwa ile nafaka kavu ya juu.

Nikamweleza mama yule kila kitu. Alishukuru, akafunga mlango wa friza taratibu, akaondoka. Hakununua. Na gesi iliisha baada ya siku kumi na tisa.

Baadaye ndipo tulipojifunza tuliyopaswa kuyajua mapema. Zambia ina Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2010. Inamkataza mwenye duka kubandika tangazo la kumnyima mnunuzi haki zake, kwa hiyo lile tangazo la ukutani halikuwa na nguvu yoyote. Ipo na Tume inayopokea malalamiko. Kenya nao wana sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012, na Tanzania wana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Katika fiqhi yetu jambo hili lina mlango wake tangu zamani: mnunuzi akikuta aibu ambayo hakuambiwa, ana khiyari ya kurudisha. Lakini nilipofungua kopo kutafuta risiti, maandishi yalikuwa yamefifia yote. Karatasi zile za mashine hazipendi joto, nami niliweka kopo juu ya jiko.

Basi chukueni kwangu haya. Chombo kiwashwe dukani mbele yenu. Ulizeni kabla ya kulipa: kikiharibika nani atalipa usafiri, na fundi yuko mji gani? Pigeni risiti na dhamana picha siku hiyohiyo. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, na msikubali neno "umeme" bila kuonyeshwa kilichoungua. Pelekeni malalamiko mapema, kabla fundi mwingine hajafungua.

Na kwa ndugu zetu wenye maduka: mteja aliyetoka mbali na friza iliyokufa si adui. Mfungulieni, mtazame, mseme kweli.

Friza bado iko jikoni. Tunahifadhia unga wa mihogo, na panya hawaingii. Kila ninapoifungua namkumbuka mama wa Kilwa. Kwacha 4,000 ni nyingi, na binti yetu alichelewa chuo kwa muhula mzima. Hajanilaumu hata siku moja.