Ubao wa Makanga

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Juzi aliniuliza siku ile ubalozi wa Marekani, Nairobi, ulipolipuliwa kwa bomu tulipiga namba gani kuita ambulensi. Hatukupiga yoyote. Waliobeba watu walikuwa wenye matatu, pikapu na teksi, kwa sababu ndio waliokuwapo.

Ilikuwa Ijumaa, 7 Agosti 1998, saa nne na nusu imepita kidogo. Hayo ya saa yamo vitabuni. Mimi namkumbuka makanga mmoja wa Nissan, pale Haile Selassie, kichwa kizima kimejaa vumbi la saruji. Alichomoa ule ubao uliokuwa ukiziba njia katikati ya viti ili abiria wazidi kubanwa, akamlaza juu yake mama aliyevunjika paja, akamfunga kwa leso ya mama mwenyewe. Waliokatwa na vioo usoni wakamiminika mlangoni. Akaziba mlango kwa mkono.

“Pole, dada, lakini wewe unatembea. Panda ile pikapu. Hapa ni wa kulala tu.”

Kisha akamgongea dereva bati. “Wote wanakimbilia Kenyatta. Sisi twende Mater!”

Nani atangulie, kwa gari gani, hospitali ipi: kazi nzima ya kusafirisha majeruhi ni hiyo, na kijana yule aliifanya akiwa amesimama mlangoni, bila karatasi wala redio. Kwingineko walioweza kujikongoja walifika hospitali ya Kenyatta mapema, na waliofukuliwa kwenye kifusi cha jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, wakakuta madaktari wamekwisha kuzidiwa.

Mbao zile zilikomeshwa na sheria za matatu za Waziri Michuki mwaka 2004, na ilikuwa haki. Mengine nayo yamebadilika. Katika shambulio la jumba la maduka la Westgate, 2013, majeruhi wengi walipelekwa hospitali za Aga Khan na MP Shah zilizo karibu. Katika shambulio la chuo kikuu cha Garissa, 2015, mahututi waliletwa Nairobi kwa ndege. Ambulensi sasa ni jukumu la kaunti.

Hata hivyo, basi likipinduka barabara ya Nakuru, majeruhi bado huburutwa kwa mikono na kukunjwa kiti cha nyuma cha gari dogo, shingo ikining’inia. Inaniuma sana. Aliyenusurika ajali huweza kupooza kwa namna alivyobebwa. Wa matatu na bodaboda wataendelea kufika kwanza. Basi wafundishwe palepale stejini wanapongoja abiria: namna ya kushika shingo, nani asubiri, na wampigie nani kuuliza hospitali ipi bado ina nafasi.