Nusu ya Ada si Nusu ya Gharama

Jumamosi moja jioni, nilipotoka zamu na kufika nyumbani Munuki, niliukuta ua wetu umejaa watu kana kwamba pana posa. Majirani walikuwa wameketi, mama watoto anamimina chai, na binti yangu amesimama katikati yao, karatasi mkononi. Ilikuwa barua kutoka chuo kikuu kimoja cha binafsi nchini Uganda. Ilisema kwamba amekubaliwa kusomea uhasibu kwa miaka mitatu, na juu ya hayo amepewa ufadhili wa asilimia 50.

Koplo mmoja wa kituo chetu, ambaye tulifuatana, alinishika mkono akasema, "Afande, Mungu amekuona." Nilicheka kwa furaha, nikaagiza kuku wachinjwe. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Huyo alikuwa kijana wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye kwetu ni mwana kama wana wengine. Aliiegesha pikipiki yake ya bodaboda, akaiomba ile barua, akaisoma mbele na nyuma. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, naomba tuzungumze wageni wakisha kuondoka."

Ndugu msomaji, yanipasa nikueleze kwa nini maneno yale yaliniondolea hamu ya kula.

Mimi nilisoma katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, katika miaka ya 1990. Huko ndiko nilikokipata Kiswahili hiki, na huko ndiko nilikolijua neno ufadhili. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Wafadhili walileta walimu, madaftari, kalamu na chakula. Sisi tulileta masikio. Hakuna aliyetuonyesha hesabu, wala hatukujua kama iko hesabu. Nilikua nikiamini kwamba mtu akisema "mtoto wako amefadhiliwa," mzigo umekwisha kutoka kichwani mwa mzazi.

Kwa imani hiyohiyo, mwaka 2015 nilimpeleka kijana huyu katika chuo kingine nje ya nchi, naye akiwa na barua kama hii. Mimi nilisoma mstari wa kwanza tu, ule wenye pongezi. Dola moja wakati ule, kwa bei ya serikali, ilikuwa chini ya paundi 3 zetu, nami nikapiga hesabu kwa bei hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka uleule paundi iliachiwa ijitafutie bei yake sokoni, na kwa siku moja tu dola ikapanda hadi kupita paundi 18. Mshahara wangu haukupanda hata hatua moja. Julai 2016 vita vikazuka hapa Juba, na kwa majuma kadhaa kijana hakupata hata salamu zetu, seuze fedha. Alikuwa akifanya vibarua usiku ili apate kula, na mchana akisinzia darasani. Alama zake zikashuka. Hapo ndipo ulipofanya kazi mstari uliokuwa nyuma ya barua, ambao sikuusoma: mwanafunzi atakayeshuka chini ya kiwango kilichotajwa atapoteza ufadhili wake.

Alirudi mwaka wa pili ukiwa katikati, na mfuko mmoja wa nguo. Matokeo ya masomo aliyokwisha kufaulu yalizuiwa kwa sababu ya deni. Hakunilaumu hata siku moja, nami nimeona kwamba ni afadhali angalinilaumu.

Basi usiku ule wageni walipoondoka, tuliketi watu wanne kuizunguka taa: mimi, mama watoto, binti na kijana. Kijana alichukua daftari akapiga mstari katikati ya ukurasa. "Baba," alisema, "tusiangalie wanachotupa. Tuangalie kinachobaki."

Ada ya mwaka ilikuwa dola 1,000. Ufadhili ulikuwa nusu ya ada hiyo, yaani 500. Hapo sote tulikubaliana. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili wenye herufi ndogo. Usajili, mitihani, maktaba na kitambulisho, jumla dola 180, navyo havikufadhiliwa. Bweni, 300. Chakula, kwa makadirio ya kijana aliyekwisha kuishi huko, 450. Nauli za kwenda na kurudi kwa njia ya Nimule mara mbili kwa mwaka, pamoja na karatasi za safari, 170. Tulipojumlisha, gharama nzima ya mwaka mmoja ilikuwa dola 2,100. Tukitoa zile 500, zilibaki 1,600. Kwa miaka mitatu ni dola 4,800.

Mama watoto, ambaye huuza mboga sokoni Konyo Konyo na hajapata kukosea chenji, ndiye aliyeliona jambo lenyewe. "Mbona mwasema nusu?" aliuliza. "Mia tano katika elfu mbili na mia moja haifiki hata robo." Tulinyamaza kimya. Nusu ya ada ilikuwa chini ya robo ya gharama, na ua mzima ulikuwa umekula kuku kwa ajili ya hiyo nusu.

Binti yangu alianza kulia. Sikumlaumu, kwani rafiki zake wawili walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Alisema, "Baba, wewe uliahidi mbele ya watu." Kweli niliahidi. Lakini hapana budi niseme wazi hapa, mbele ya askari wenzangu, kwamba aibu ya kuwaambia majirani kwamba nilikosea ni ndogo kuliko aibu ya kumrudisha mtoto nyumbani mikono mitupu. Ile ya kwanza huisha kwa juma moja. Ya pili naiona kila asubuhi kijana anapoiwasha pikipiki yake.

Hatukukikataa chuo usiku ule. Kijana alimshauri dada yake aandike barua ya adabu kwa msajili na kuuliza mambo matano. Nayaweka hapa ili kila mzazi ayanakili.

La kwanza: ufadhili huu unalipa nini na nini, na ni nini usicholipa? La pili: ni zawadi, au ni mkopo utakaorudishwa? La tatu: ni wa mwaka mmoja au wa masomo yote, na ni masharti gani yanayoweza kuukomesha? La nne: ada hulipwa kwa fedha ya nchi gani, nayo yaweza kupandishwa katikati ya masomo? La tano: mtoto wa Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, atatozwa ada ya mwanafunzi wa Jumuiya au ya mgeni? Jibu la kila swali liwe la maandishi. Neno la simuni halina muhuri.

Tulipokuwa tukingoja majibu, nilikwenda kutafuta msaada kwingine, na huko nilijifunza mengi ambayo yafaa wenzangu wayajue.

Wengi wetu tumesikia habari za bodi za mikopo za majirani. Kenya inayo bodi yake tangu 1995. Tanzania iliunda yake kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Uganda ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2014. Ni mipango mizuri, lakini kila moja iliwekwa kwa ajili ya raia wa nchi yake. Mtoto wetu asijenge nyumba juu ya msingi wa jirani. Tena mkopo si sadaka. Huko Tanzania, mhitimu aliyekopeshwa akisha kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Anayelijua hilo mapema hujipanga. Asiyelijua hulia siku ya mshahara.

Upo pia mpango uitwao DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Huo ndio unaofanana na ufadhili nilioujua mimi Kakuma, kwani pamoja na ada husaidia chakula, malazi, vitabu na nauli. Jamaa mmoja aliponisikia nikiusifu, alinishauri nimvushe binti mpaka, akaandikishwe katika kambi ya Bidi Bidi aliko shangazi yake, aombe kama mkimbizi. Nilikataa. Mtoto alalaye Munuki chini ya paa la baba yake si mkimbizi, na nafasi atakayoipata kwa uongo imetoka kinywani mwa mtoto aliyekimbia kweli. Mimi navaa sare. Nikifunza uongo nyumbani, kituoni nitamkamata nani?

Na kwa kuwa nimeitaja kazi yetu, niongeze jambo moja. Wapo watu wanaozungukia wazazi wakiuza "fomu za ufadhili." Mfadhili wa kweli hamwombi mhitaji fedha ili ampe fedha. Ada ilipwe katika akaunti ya chuo chenyewe, na stakabadhi ihifadhiwe kama hati ya ndoa. Kabla ya hapo, mzazi aulize kama chuo kimesajiliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo.

Majibu ya msajili yalifika baada ya majuma mawili. Yalikuwa ya heshima. Ufadhili ulikuwa wa mwaka wa kwanza tu, miaka iliyofuata ungetolewa "kwa kadiri ya uwezo wa chuo." Ada ingelipwa kwa dola. Binti aliyasoma mara mbili, akaikunja karatasi. "Baba," alisema, "wamenijibu vizuri, lakini wamenijibu hapana."

Sikumwamulia. Nilimpa lile daftari, nikamwomba aandike upande wa pili wa mstari hesabu ya chuo kimoja cha hapa nyumbani kilichokuwa pia kimemkubali, bila ufadhili wowote. Ada, vitabu, nauli ya basi na chakula cha mchana vilifika dola 560 kwa mwaka. Masomo yalikuwa ya miaka minne, kwa hiyo jumla ni dola 2,240. Barua isiyo na pongezi ilikuwa na mzigo usiofikia nusu ya ile yenye pongezi.

Nisije nikakudanganya, msomaji, kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Vyuo vya umma nchini kwetu vimeonja taabu. Chuo Kikuu cha Juba chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum kwa miaka mingi kwa sababu ya vita kabla ya kurudi nyumbani. Migomo na uhaba wa fedha vimepata kurefusha miaka ya masomo. Hayo nayo tuliyaandika daftarini, maana muda ni gharama. Lakini tulikumbuka pia mwaka 2024, bomba la mafuta lilipoharibika huko Sudan, na watumishi wengi wa serikali, askari tukiwamo, tukakaa miezi mingi bila mshahara. Mtoto aliye nyumbani mwaka kama huo hula dengu pamoja nasi na kwenda darasani. Aliye ng'ambo hufukuzwa bwenini.

Binti alichagua nyumbani. Alikwenda mwenyewe kuwaambia rafiki zake, nami nikawaambia majirani. Mzee mmoja aliguna tu, kisha akaniomba nimwazime lile daftari, kwani yeye naye ana mtoto.

Limebaki deni la kijana. Yale maswali matano yalinipa ujasiri wa kuandika barua ya sita, kwa chuo kilichozuia matokeo yake, kuomba tulipe kidogo kidogo. Wamekubali. Tumelipa mara tatu hadi sasa, na ya tatu aliitoa yeye mwenyewe kutokana na bodaboda. Binti husema kwamba akisha kuwa mhasibu atamalizia yeye. Kijana humjibu kuwa hatangoja kiasi hicho.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ndugu askari, barua ya chuo ikifika nyumbani kwako, mpongeze mtoto, kwani amestahili. Kisha, kabla hujachinja kuku, igeuze karatasi usome na upande wa pili.