Pikapu ya Mirathi na Njia ya Mlimani

Marhumu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba ya Pasua, kihamba kule Kibosho, na pikapu moja, Toyota Hilux ya mwaka 1982, inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Kiangazi hupanda mlima bila taabu. Masika yakiingia, udongo mwekundu wa njia za vihambani hugeuka utelezi, na pikapu isiyo na mzigo, kwa kuwa nyuma yake ni nyepesi, husaga tope pasipo kusogea. Marhumu alikuwa akipakia viroba vya mchanga. Lakini mama anaishi kihambani, na kila mwezi hana budi kushuka kliniki ya macho KCMC, mvua inyeshe isinyeshe.

Lilipotolewa wazo la kuifanya pikapu ivute kwa magurudumu yote manne, tulianza kuhesabu fedha. Mama akauliza: gari hili ni la nani? Mirathi ilikuwa haijagawanywa, na miongoni mwa warithi wamo wadogo zetu wawili wasiobaleghe. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'am, inatukataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora. Anayekata chasisi ya gari hilo anakata pia mali ya mtu asiyeweza kukubali wala kukataa.

Tukaketi na shekhe. Wadogo zetu wakawakilishwa na baba mdogo, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ambaye yeye mwenyewe si mrithi. Watu wa nje wakalithamini gari kama lilivyo, nasi wakubwa tukazinunua sehemu za watoto kwa thamani hiyo, fedha zao zikawekwa benki. Gharama za gereji zikawa juu yetu peke yetu, ili kazi ikiharibika, hasara isimfikie yatima.

Kaka yetu wa Tanga alitaka tuliuze, tununue lililotoka kiwandani likiwa na magurudumu manne yanayovuta. Hoja yake ilikuwa nzito. Kilichotupa moyo ni kwamba Toyota ilianza kuuza Hilux ya namna hiyo mwaka 1979, hivyo pikapu yetu ina ndugu yake wa kizazi kimoja, nasi tukampata mmoja aliyegongwa ubavuni.

Kazi yenyewe si ndogo. Mbele, magurudumu ya pikapu yetu yalifungwa kila moja peke yake. Mfumo huo huondolewa, ikafungwa ekseli nzima yenye difu na springi zake. Nyuma ya giaboksi hukaa transfa, inayogawa nguvu, na propela shafti ya pili huipeleka mbele. Vyote tulivitoa katika gari lile moja, pamoja na difu ya nyuma. Difu mbili zisipolingana katika uwiano wa meno, ekseli moja hutaka kwenda mbio kuliko mwenzake, vyuma vikashindana mpaka kimoja kivunjike. Hata zikilingana, mfumo huu haufungwi kwenye lami kavu, kwani katika kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa. Hufungwa kwenye tope, na hufunguliwa lami inapoanza.

Fundi alitaka tuelewe jambo moja kabla hajapokea fedha: magurudumu manne husaidia kupanda, lakini hayaongezi breki wakati wa kushuka, na gari lililoinuka hupinduka kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo breki na usukani vilitangulia matairi mapya. Kisha tukalipeleka likaguliwe na askari wa usalama barabarani, na bima tukaiarifu.

Masika haya mama hakukosa kliniki hata mara moja, Alhamdulillah. Wadogo zetu wakibaleghe watakabidhiwa fedha zao pamoja na karatasi ya thamani yenye sahihi za mashahidi.

Ndugu zetu wenye gari la marehemu uani, tunawausia: kabla ya kumwita fundi, waiteni warithi. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia na atulindie amana walizotuachia. Amin.